Gideoni aliifanya kazi usiku: kutii huku moyo unadunda

TABITHA: Karibuni tena kipindini, wapendwa. Mimi ni Tabitha, niko na kaka Zablon. Leo tunaongea na yule Mkristo anayejua kabisa anachopaswa kufanya. Amekiombea, pengine mwaka mzima, na bado hajakifanya kwa sababu anaogopa.

ZABLON: Asante dada Tabitha. Kabla ya yote tumtue mzigo mmoja. Wengi wamefundishwa kwamba hofu ikiingia, imani imetoka. Basi mtu anasubiri hofu iishe ndipo aanze, na hofu yenyewe haiishi. Paulo aliwaandikia Wakorintho, waraka wa kwanza 2:3, kwamba alikuwa kwao katika udhaifu, hofu na matetemeko mengi. Na Matendo 18 inasema ni huko huko Korintho Bwana alimwambia usiku asiogope, aendelee kunena. Akakaa mwaka mmoja na miezi sita akifundisha. Hatuambiwi kwamba hofu iliondoka siku ngapi baada ya maono. Tunaambiwa alikaa.

TABITHA: Ila kaka, mtu huyo huyo atasomewa 2 Timotheo 1:7, kwamba Mungu hakutupa roho ya woga, na atanyamaza kwa aibu.

ZABLON: Mstari huo umetumika kama fimbo, nao ulikuwa mkono wa kumwinua mtu. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa “woga” pale ni deilia, yaani woga wa kukimbia wajibu. Si phobos, lile la kawaida la hofu. Halafu rudi mstari wa 6: Paulo anamwambia Timotheo aichochee karama yake. Kinachochochewa ni moto uliofifia, si uliozimika. Kwa hiyo anayetetemeka na huku anaendelea, mstari huu unamtetea.

TABITHA: Tumwangalie Gideoni, maana kwake mambo yako wazi. Waamuzi 6. Wamidiani wamewatesa Israeli miaka saba. Gideoni anapepeta ngano ndani ya shinikizo la divai, mahali pa kukamulia zabibu. Ngano hupepetwa mahali pa wazi penye upepo, sasa yeye yuko shimoni asionekane. Na hapo ndipo malaika anamkuta na kumwita shujaa.

ZABLON: Halafu kazi ya kwanza anayopewa si vita. Ni ya nyumbani: abomoe madhabahu ya mungu Baali iliyo ya baba yake mwenyewe, akate Ashera, nguzo ya mti ya kuabudia, iliyo kando yake, ajenge madhabahu ya Bwana, na mbao za ile Ashera ziwe kuni za sadaka. Angalia ukubwa wa kazi. Madhabahu moja, mahali anapopajua, usiku mmoja. Akachukua watumishi kumi, akaifanya usiku kwa sababu aliwaogopa watu wa nyumba ya baba yake na watu wa mji. Biblia imeandika hofu yake bila kuificha, na kazi ikahesabiwa imefanyika.

TABITHA: Nimewahi kusikia ikihubiriwa kwamba ule usiku ulikuwa udhaifu.

ZABLON: Sikubaliani. Aliambiwa abomoe, hakuambiwa saa. Alichagua saa ambayo kazi ingekamilika kabla ya kuzuiwa. Kama angeificha asubuhi, akakana kwamba ni yeye, hapo tungesema jambo lingine. Lakini madhabahu mpya ilikuwa imesimama pale pale, kila mtu anaiona.

TABITHA: Basi tushuke kwenye vitendo. Msikilizaji anasema, “Naogopa kumtumikia Mungu kazini.” Tunaanzia wapi?

ZABLON: Sentensi hiyo ndiyo tatizo. “Kumtumikia Mungu kazini” haina mtu, haina siku, haina neno la kwanza, na jambo lisilo na mipaka linaogopesha kuliko lenye mipaka. Chukua karatasi, andika mambo manne: nani, nini hasa, lini, na sentensi ya kwanza utakayotamka. “Jumanne, baada ya kazi, nitamwambia mwenzangu aliyefiwa: naomba nikuombee dakika mbili, uko radhi?” Hilo ni tendo. Akisema hapana, unasema sawa, niko nawe, na tendo limeshafanyika.

TABITHA: Ile “uko radhi” isiachwe. Wengi wanaharibu hapo. Hofu inamfanya mtu aharakishe, anamshika mwenzake mabega, anaomba kwa sauti mbele ya ofisi nzima, halafu akikataliwa anasema ameteswa kwa ajili ya Kristo. Hakuteswa, alimwingilia mtu. 1 Petro 3:15 inasema tuwe tayari kumjibu anayetuuliza habari za tumaini letu, ila kwa upole.

ZABLON: Nehemia ni fundi wa hili. Alipata habari za Yerusalemu mwezi wa Kisleu, akazungumza na mfalme mwezi wa Nisani. Ni kama miezi minne ya kufunga na kuomba, na bila shaka ya kupanga, maana mfalme alipouliza, majibu yalikuwa tayari. Alikuwa mnyweshaji, na mfalme akauona uso wake una huzuni. Anaandika mwenyewe: nikaogopa sana. Halafu anaomba pale pale, ombi fupi la kimoyomoyo, kisha anafungua kinywa. Anataja muda wa safari. Anaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto. Anaomba barua kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, apewe miti, na anataja miti ni ya nini: malango ya ngome, ukuta wa mji, na nyumba atakayokaa.

TABITHA: Na jina la mlinzi wa msitu analijua. Huyo hakuwa anasubiri ujasiri umshukie. Alikuwa anafanya kazi ya nyumbani.

ZABLON: Ukisema unaomba, na miezi minne imepita, hebu jiulize kama umeshajua “Asafu” wako ni nani. Kama hujui, huenda maombi yamekuwa mahali pa kujificha. Nasema hivi kwa upendo, kwa sababu maombi ya namna hiyo yanamchosha mtu bure.

TABITHA: Tuguse mwili kidogo. Mtu ameandika karatasi, siku imefika, amesimama mlangoni. Moyo unakwenda mbio, mdomo umekauka, sauti inatetemeka.

ZABLON: Ni adrenalini. Si pepo wala si ishara kwamba Mungu amekataa. Mara nyingi hupanda haraka na kushuka baada ya muda mfupi ukibaki pale. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, mara tano. Kutoa pumzi polepole ndiko kunakoutuliza moyo. Kisha soma ile sentensi ya kwanza kutoka kwenye karatasi kama ilivyo. Usijaribu kuikumbuka, kichwa chenye hofu hakikumbuki vizuri. Na sauti ikitetemeka, iache itetemeke.

TABITHA: Na akigeuka akarudi?

ZABLON: Atapata nafuu kubwa sana ndani ya dakika moja, na nafuu hiyo ndiyo mtego. Mwili unajifunza kwamba kukwepa kunaponya, kwa hiyo kesho mlango ule ule unatisha zaidi. Ukigeuka leo, usijilaani. Panga tena ndani ya siku mbili, na ulipunguze tendo mpaka lifanyike. Kama kuongea uso kwa uso kumekushinda, tuma ujumbe wa kuomba miadi. Ujumbe huo tu.

TABITHA: Kuna jambo zito zaidi. Mtu ameletewa karatasi kazini atie saini, na tarehe iliyoandikwa si ya kweli. Anaogopa kufukuzwa, na hofu yake ina msingi.

ZABLON: Ina msingi, tusimdanganye. Wapo wanaofukuzwa. Kwanza asome karatasi yote mpaka mwisho, kwa sababu wakati mwingine kinachoonekana uongo ni kosa la uandishi linalorekebishika. Pili, aseme maneno machache: “Siwezi kusaini hii kwa sababu tarehe si ya kweli. Ikiwekwa tarehe halisi, nitasaini leo hii.” Asihubiri. Asimwite mkubwa wake mwizi. Ile sehemu ya pili inamwachia mwenzake mlango wa kutokea, na mara nyingi watu wanauhitaji mlango huo kuliko mahubiri.

TABITHA: Danieli alifanya hivyo. Sura ya 1, alipoamua asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme, msimamizi alipoogopa kwa ajili ya kichwa chake, Danieli akamwomba mwangalizi wao jaribio la siku kumi, mboga na maji. Aliifikiria hofu ya mwenzake.

ZABLON: Tatu, aandike siku ile ile kilichosemwa, na nani, saa ngapi, aweke nakala yake. Na kabla ya kufika huko, akae na mwenzi wake au watu wa nyumbani, wahesabu mshahara ukikatika wanaweza kuishi wiki ngapi. Wakijua namba, hata ikiwa ndogo, hofu inapata ukingo. Hapo tena kanisa linahusika: wazee waambiwe mapema, si baada ya mtu kulala njaa. Kanisa linalohubiri uaminifu kazini bila mfuko wa kumshika mkono aliyepoteza kazi kwa uaminifu huo, limemtwisha mtu mmoja mzigo wa wote.

TABITHA: Amina, na lisikike hilo. Tuje kwenye kuungama kosa la zamani, maana hapo ndipo hofu inakaa miaka. Mtu alichukua fedha za kikundi, hakuna anayejua.

ZABLON: Zakayo, yule mtoza ushuru, ametufundisha sarufi ya kuungama. Luka 19:8, alitaja nusu kwa maskini, na mara nne kwa aliyemdhulumu. Alisema namba. Ungamo linaharibika mtu anaposema “kama niliwakosea, mnisamehe.” Hilo “kama” linarudisha kosa kwa aliyekosewa. Sema: nilichukua kiasi hiki, mwezi huu, nilikosea, nitarudisha kwa awamu tatu kuanzia tarehe fulani. Ukishasema, nyamaza. Usidai msamaha siku hiyo hiyo, mwache mtu akasirike.

TABITHA: Ongeza tahadhari moja. Ungamo likigusa sheria, au likiweza kumweka mtu mwingine hatarini, mwone kwanza mchungaji anayetunza siri, na mwanasheria. Kujua matokeo kabla ya kusema ni busara.

ZABLON: Kweli. Na asiende peke yake katika safari yote. Gideoni alikuwa na kumi. Malkia Esta, kabla ya kuingia kwa mfalme bila kuitwa, jambo lenye adhabu ya kifo, aliwaomba Wayahudi wote wa Shushani wafunge siku tatu, yeye na wajakazi wake vilevile. Chagua mtu mmoja, mwambie siku na saa, na mpatane kwamba utampigia simu baada ya tendo, hata kama hukulitenda. Simu ya kusema “nimeshindwa” ndiyo inayomwokoa mtu na ukimya.

TABITHA: Sasa kuna upande wa pili, kaka. Yupo atakayetusikia, atoke hapa aruke motoni.

ZABLON: Habari za Polikarpo, askofu wa Smirna katika karne ya 2, zinajibu hilo. Msako ulipoanza alishauriwa atoke mjini, akaenda kukaa shamba, kisha shamba jingine. Wakati huo huo mtu mmoja aitwaye Quintus alijipeleka mwenyewe kwa watesi na kuwashawishi wengine wafanye hivyo. Alipowaona wanyama wakali akaishiwa nguvu, akaapa na kutoa sadaka kwa miungu. Polikarpo alipopatikana hakukimbia tena. Aliwaandalia chakula waliokuja kumkamata, akaomba saa moja ya kusali, akasali mbili. Akaambiwa amlaani Kristo, akajibu kwamba miaka 86 amemtumikia Kristo, na Kristo hajamtendea ovu lolote.

TABITHA: Kwa hiyo kujificha kwake hakukuwa woga.

ZABLON: Bwana mwenyewe alisema katika Mathayo 10:23, wakiwafukuza mji huu kimbilieni mwingine. Aliye katika nyumba yenye kipigo, au mahali ambapo kutaja imani ni kifo, anaruhusiwa kuondoka na kupanga. Tofauti ni kwamba Polikarpo alijua neno ambalo hatalikana, hata akiwa shambani.

TABITHA: Na kama hofu imekuwa ya kila siku, imekata usingizi na hamu ya kula kwa wiki kadhaa bila sababu ya wazi, nenda kwa daktari. Hiyo ni kazi ya tiba pamoja na maombi, na si dhambi. Kaka, tuombe nini basi?

ZABLON: Matendo 4. Petro na Yohana wametishwa, wamerudi kwa wenzao. Wanaomba Bwana ayaangalie matisho, na awajalie watumwa wake kunena neno lake kwa ujasiri wote. Hawakuomba matisho yaondoke, na hayakuondoka: sura inayofuata wanatiwa gerezani na kupigwa. Walichoomba ni kinywa, na wakapewa. Omba sentensi hiyo, kisha taja lile tendo lako kwa jina lake, mtu wake na siku yake.

TABITHA: Na baada ya tendo, usilirudie kulilainisha. Usitume ujumbe saa tatu usiku kusema “samahani kama nilikusumbua.” Piga ile simu, kula, lala.

ZABLON: Gideoni asubuhi ile watu wa mji walikuja wanataka auawe. Aliyesimama mlangoni kuwajibu alikuwa Yoashi, baba yake, mwenye ile madhabahu: Baali akiwa mungu, na ajitetee mwenyewe. Gideoni hakuweza kulijua hilo usiku akiwa na wale kumi na shoka mkononi.