Lile gitaa sio pambo

Haya, nianze na gitaa, na nyie mlionisikia nikilisema hili huko nyuma mnivumilie, maana kila nikikaa na watu wa sinema hakosekani mmoja wa kuniambia eti Guitar o Motta Wataridori, ile sinema ya Kijapani, ni ya kipuuzi, jamaa anaimbaimba, hiyo sio noir hiyo, yaani sio sinema ya uhalifu yenye giza. Kwani mtu akiimba ndo hapelelezi?

Hadithi siisimulii yote, wengi mshaiona. Ni 1959, kampuni ni Nikkatsu, mwongozaji Buichi Saito, na Akira Kobayashi ndo Taki Shinji, askari kanzu wa zamani wa Kobe ambaye sasa anazurura tu, kafika Hakodate, mji wa bandari kule kaskazini Hokkaido, na mali yake ni gitaa. Anaingia baa, unazuka ugomvi, anapiga watu, bosi wa pale mjini Akitsu anampenda, anampa kazi. Basi, yuko ndani ya genge.

Sasa ngojeni hapo hapo, msikimbilie bastola. Japani baada ya vita kulikuwa na wanamuziki wanaitwa nagashi. Hao wanapita baa hadi baa usiku na gitaa au akodiani, mlevi anataja wimbo, anapigiwa, au anaimba mwenyewe huku jamaa anamfuatishia, anatoa hela, jamaa anahamia baa ya pili, mpaka mashine za karaoke zilipokuja kuwakatia riziki. Yaani ni mtu ambaye hakuna anayemuuliza umefuata nini hapa! Haulizwi mlangoni, hasachiwi, na akishakaa pale pembeni na gitaa lake watu wanaendelea kuongea biashara zao kama hayupo. We niambie, mpelelezi gani hataki hicho? Kitambulisho cha polisi kinafunga midomo, gitaa linaifungua.

Kama hamniamini mchukueni Murakami, yule mpelelezi kwenye Nora Inu, sinema ya mwongozaji Kurosawa, 1949. Kaibiwa bastola ndani ya basi, askari mzima, sasa anataka kuwafikia wauza silaha wa Tokyo, anafanyaje? Inabidi atafute magwanda chakavu ya jeshi ajifanye mwanajeshi kafulia, atembee, atembee, jua linawaka, jasho linamtoka, Kurosawa anatutembeza naye weee mpaka na sisi miguu inauma. Kwa nini? Kwa sababu hana sababu ya kuwepo pale. Taki anayo, kaishika mkononi. Na mwisho wa Nora Inu mnaukumbuka, Murakami na yule muuaji wako msituni, kuna nyumba jirani mwanamke anapiga piano, risasi inalia, anachungulia dirishani, haoni la maana, anarudi kwenye piano yake. Muziki pale hauhusiki na damu hata kidogo. Nikkatsu wamefanya kinyume, wameuingiza ndani ya uhalifu wenyewe, na mi naona hilo limepita bila kupewa heshima yake kwa sababu tu Kobayashi alikuwa kijana mzuri na santuri zake zinauzwa.

Ndio, najua, mtaniambia ni biashara, studio ilikuwa inauza sinema na wimbo kwa pamoja. Sasa? Miaka miwili kabla walishamfanya nyota wao Yujiro Ishihara mpiga ngoma na watu wakajaa kumbi. Biashara haimzuii mtu kutunga kitu chenye akili. Kuna mwingine pale nyuma namuona anataka kusema sinema ina rangi, noir lazima iwe nyeusi na nyeupe. Bana, giza la Taki haliko kwenye taa, liko Kobe, kwenye ile kazi aliyoiacha, ndo maana anapokuja Joe Shishido kama George muuaji, anayeijua hiyo habari ya Kobe, gitaa halimfichi tena. Kila mtu katapeliwa na gitaa kasoro huyo muuaji, na hapo sinema inakuwa tamu kwelikweli.

Ila niwape haki yenu kidogo. Mfululizo uliendelea mpaka 1962, mji mwingine bosi mwingine, wakamletea na farasi kama kauboi, humo gitaa lishakuwa pambo kweli, sibishi.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kuongelea Seijun Suzuki, mwongozaji mwingine wa Nikkatsu, na sinema yake Tokyo Drifter ya 1966, jambazi anayezurura huku anaimba wimbo wake mwenyewe, mambo yakageuzwa juu chini, na 1968 studio ikamtimua, lakini sio kwa hiyo, kwa sinema nyingine, basi tuiache. Na nyie mnaouliza mbona mashavu ya Shishido yamevimba, ndio, alifanyiwa upasuaji 1957 yakavimba vile kwa kutaka mwenyewe. Nimeshajibu, msiniulize tena, ulizeni kuhusu nagashi.