Unasoma nini hasa huko Ulaya? Leo najibu

Haya ndugu zangu wa Mbeya, Tukuyu, Makambako. Kila nikiweka video swali ni lilelile: "Kaka, unasoma nini hasa huko Uholanzi, na kitamsaidia nani?" Asije mtu akasema najidai, wala akasema nalalamika. Mmeuliza wenyewe.

Nasoma protini za majani. Hata mahindi yako ya Uyole yanayo, ile inayokusanya mwanga, LHCII. Hukaa tatu tatu, kila moja na molekuli 14 za klorofili, ile rangi ya kijani ya jani. Sisi tunaitoa kwenye spinachi, tunaizimua mpaka molekuli zikae mbalimbali juu ya kioo, kisha tunaimulika moja kwa leza na kupima mng'ao wake. Basi utaiona inawaka, ghafla inafifia, mara inawaka tena, na leza ni ileile! Protini haikai tuli. Umbo lake likisogea kidogo tu, nishati inageuka joto badala ya kung'aa, na wengi wetu tunaamini mmea hujikinga hivyo jua likizidi. Ukipima molekuli nyingi kwa pamoja unapata wastani tu, mchezo wote huu huuoni. Mwanasayansi W. E. Moerner ndiye aliyetangulia kupima molekuli moja moja kwa mwanga, mwaka 1989, akapewa Nobeli 2014.

Faida? Kinga hiyo huchelewa kuachia wingu likifunika jua, jani linaendelea kutupa nishati bure. Mwaka 2016 watafiti waliiharakisha kwenye tumbaku, ikakua zaidi kwa takriban asilimia 15. Ni tumbaku, si viazi vya Njombe. Lakini wa Njombe mnajua wingu linavyopita siku nzima.

Sasa hela. Posho ya ufadhili inaishia kwenye kodi ya chumba, bima na kibali cha kuishi. Cheti changu cha kuzaliwa kilikataliwa kwa sababu ya herufi moja ya jina, mdogo wangu akahangaika kwa nauli yake kufuatilia. Wakati huohuo kwenye kundi la michango ya harusi naambiwa mtu wa Ulaya nabana. Iliniuma sana, nasema wazi.

Anayetaka kuja, haya ni yangu mimi. Nchi yako na msimamizi wako vinaweza kuwa tofauti kabisa. Ila kabla hamjauza shamba, uliza kwa maandishi: ufadhili unalipa bima na kibali, au unalipa ada peke yake?