Priampu Tuli ya Kutengeneza Nyumbani: Rimoti Isiguse Sauti

Mabibi na mabwana,

Chombo ninachokusudia kukieleza leo kina kazi mbili tu, nazo ni kuchagua chanzo cha sauti na kuipunguza sauti hiyo kabla haijafika kwenye amplifaya. Hakiikuzi hata kidogo, na katika njia ya sauti hakuna transista wala valvu. Ndiyo maana tunakiita priampu tuli. Anayekutana nacho kwa mara ya kwanza huuliza nguvu itatoka wapi, na ana haki ya kuuliza. Nguvu ipo tayari. Kicheza CD cha kawaida hutoa takriban volti 2 kinapofikia kilele, ilhali amplifaya nyingi hutoa nguvu zake zote zikipewa volti 1 au zaidi kidogo. Tunachohitaji, basi, ni kupunguza kwa uangalifu.

Uangalifu huo unaanzia kwenye potenshiometa, yaani kikinzani cha kuzungusha kinachopunguza sauti. Ikiwa katikati kiumeme, yaani inapopunguza sauti kwa desibeli 6, ukinzani unaoonekana kwenye tokeo lake ni takriban robo ya thamani yake yote: potenshiometa ya kiloohmu 10 huonekana kama kiloohmu 2.5, na ile ya kiloohmu 100 kama kiloohmu 25. Sasa, kila kebo ya sauti yenye ngao ni kapasita ndefu, yaani huhifadhi chaji, na ikikutana na ukinzani mkubwa humeza sauti nyembamba za juu. Tuseme kebo pamoja na ingizo la amplifaya vina pikofaradi 500. Kwa kiloohmu 2.5, sauti itakuwa imepungua kwa desibeli 3 kwenye kilohezi 127, mbali kabisa na upeo wa sikio la binadamu; kwa kiloohmu 25, upungufu huohuo unashuka hadi kilohezi 12.7, na hapo matoazi yanaanza kufifia. Priampu yangu ya kwanza ilikuwa na potenshiometa ya kiloohmu 100 na kebo ya mita kadhaa, nami nilizishuku spika kwa wiki nyingi kabla sijakaa chini kupiga hesabu hii. Kwa hiyo nawasihi: chagueni kiloohmu 10, fupisheni kebo, na hakikisheni kwamba ingizo la amplifaya lina ukinzani wa kiloohmu 25 au zaidi, 47 ni nzuri sana.

Nikija kwenye rimoti, msimamo wangu ni huu: vifaa vya rimoti viuguse mhimili wa potenshiometa, visiiguse sauti. Njia nyepesi ya kulitimiza hilo ni potenshiometa yenye mota, kama zile za ALPS za aina ya RK27, ambazo mota yake ndogo huuzungusha mhimili kupitia gia na klachi inayoteleza, hivi kwamba mkono wako unaweza kuuzungusha wakati wowote bila kuidhuru mota. Mota hiyo isiunganishwe moja kwa moja na mguu wa mikrokontrola, ile kompyuta ndogo ya chipu moja inayopokea amri za rimoti, kwa sababu mguu huo hauwezi kubeba mkondo wake. Iwekeni saketi ya kuendeshea mota inayoweza kuigeuza pande zote mbili, pamoja na kapasita ya nanofaradi 100 kwenye ncha za mota ili kuzima cheche.

Rimoti yenyewe hupepesa miale ya infraredi kwa kasi ya kilohezi 36 hadi 38, na kipokezi huitambua kasi hiyo ili kisichanganyikiwe na jua au taa. Napendelea mfumo wa RC-5 wa Philips, kwa kuwa ujumbe wake una biti 14 tu, amri ya kuongeza sauti ni 16, ya kupunguza ni 17, na ujumbe hurudiwa takriban kila milisekunde 114 kidole kikiwa bado kwenye kitufe. Programu ni fupi: amri ikifika, mota iendeshwe, zikipita milisekunde 150 bila amri nyingine, isimame.

Wapo wanaopenda rilei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, badala ya potenshiometa, nami nawaelewa. Rilei sita za kupunguza desibeli 1, 2, 4, 8, 16 na 32 hutoa hatua 64, na ulinganifu wa kushoto na kulia huwa bora kuliko wa potenshiometa, hasa sauti ikiwa ya chini. Hatari yake iko kwenye kuvuka kutoka 31 kwenda 32, ambapo rilei zote sita hubadilika: tano zikiacha kupunguza kabla ya ile ya 32 kuanza kupunguza, sauti yote hupenya kwa kitambo na kuzishtua spika. Programu lazima iweke upunguzaji mpya kwanza, ndipo iondoe ule wa zamani. Kwa anayeanza, nashauri mota.

Umeme wa volti 5 wa kuendeshea vidhibiti utoke kwenye adapta iliyo nje ya kasha, na waya wake hasi usiunganishwe na ardhi ya sauti. Mikrokontrola nayo ilazwe kila isipopokea amri, ili ukimya uwe ukimya kweli.

Mwisho, adapta ikichomolewa, priampu ya mota hubaki pale ilipoachwa na muziki huendelea, mhimili ukizungushwa kwa mkono. Ya rilei za kawaida haina mkono wa kuisaidia. Iungeni ili rilei zote zinapokosa umeme, sauti inyamaze.