Umekuta mshubiri usioujua? Usiupe jina bado

Habari zenu watazamaji. Leo niko uani kwetu Kinondoni, na huu hapa kwenye kopo ni mshubiri. Si mpya, nautumia kuwaonyesha tu. Wengi mnanitumia picha ya jani mkiuliza kama mmegundua spishi mpya, na jani peke yake halitoshi.

Anza na mahali. Ukiukuta porini, usiuguse kwanza. Piga picha mmea mzima ulivyokaa, halafu sogea karibu, weka rula pembeni. Andika tarehe, mahali, mwinuko, na kama umeota kwenye jiwe au kichanga. Ule ulionunua kwa wauza maua wa barabarani, hata uwe wa ajabu vipi, kama hujui ulikotoka huna pa kuanzia. Huenda ni chotara wa bustanini.

Kuchukua sampuli msituni kunataka kibali. Na kuvusha mpaka ni habari nyingine: mishubiri yote, isipokuwa Aloe vera, imo kwenye orodha za CITES, ule mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Sasa ua. Lipime likiwa bichi, maana likikauka hunyauka na rangi hupotea. Urefu wake, rangi yake, shina lake lina matawi au ni moja? Kisha jani. Nalikata hapa, tazama: utomvu wa manjano unachuruzika pembeni, chini tu ya ganda, wala hautoki kwenye ile nyama ya katikati inayong'aa kama kioo. Hiyo ndiyo shubiri yenyewe, ule uchungu tunaousema. Uache ukauke, uandike umegeuka rangi gani.

Kukausha ndipo watu wengi hukwama. Mmea huu una maji yake, haufi upesi. Niliwahi kufungua magazeti niliyoubania ukauke, baada ya wiki tatu nikakuta umechipua humo humo. Kwa hiyo pasua jani kwa urefu, komba nyama kwa kijiko, mwagia maji yanayochemka, ndipo ulibane kwenye gazeti. Badilisha gazeti kila siku. Maua machache yatie kwenye chupa ya spiriti.

Halafu linganisha, na hapa usiwe na haraka. Angalia makopo haya mawili, watoto wa mama mmoja. Hili lilikaa chini ya mwembe, majani ni mapana, kijani kibichi. Hili lilikaa juani, limekuwa jekundu na fupi. Ukiyakuta mbali mbali ungeapa ni spishi mbili! Ndiyo maana tunatazama mimea mingi, si mmoja. Peleka sampuli kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na usome Flora of Tropical East Africa, vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki, kazi iliyoanza 1948 ikakamilika 2012, yenye spishi zipatazo 12,000.

Ikibaki tofauti, andika na mtaalamu. Sampuli moja iteuliwe kubeba jina na ihifadhiwe hebaria. Tangu 2012 maelezo rasmi huandikwa kwa Kilatini au Kiingereza. Kiswahili bado hakikubaliwi, na hilo linaniuma, ila jina lenyewe laweza kutoka Kiswahili.

Nitumieni picha za maua yenye rula pembeni. Mahali mlipoyakuta msipaandike hadharani, wang'oaji nao wanatazama.