Risiti ya Mafuta Haitoshi: Gharama za Gari kwa Aliyejiajiri

Ndugu zangu, naona wengi mmekuja na bahasha za risiti, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mazungumzo yetu leo itahusu kitu ambacho hakimo ndani ya bahasha hizo. Risiti ya mafuta inathibitisha kwamba fedha zimetoka. Haisemi gari lilikwenda wapi, wala kwa nini. Mkaguzi wa kodi anataka kujua hilo la pili, maana tangi lililokupeleka kwa mteja asubuhi ndilo lililokupeleka harusini jioni.

Kwanza niondoe dhana moja inayowatia watu hasara. Gharama inayokubaliwa haipunguzi kodi yenyewe. Inapunguza mapato yanayotozwa kodi. Ukitumia 100 kihalali, na kiwango chako cha kodi ni asilimia 30, umeokoa 30. Zile 70 zimetoka mfukoni mwako. Basi mtu akikushauri ununue gari ili upunguze kodi, na kazi yako hailihitaji, mwombe akupigie hesabu hiyo mbele yako.

Katika nchi kadhaa kuna njia mbili za kudai. Ya kwanza ni gharama halisi: mafuta, sevisi, matairi, bima, usajili, riba ya mkopo wa gari, na uchakavu, yaani thamani ambayo gari hupoteza kadiri miaka inavyopita. Unajumlisha, kisha unachukua sehemu ya kazi tu. Gari likitembea kilometa 20,000 kwa mwaka na 12,000 zikawa za kazi, sehemu yako ni asilimia 60. Hiyo 60 inapita juu ya kila kitu, bima na uchakavu vikiwamo. Watu huigawa petroli kwa uaminifu, halafu wanadai bima nzima. Ada ya maegesho uliyolipa ukimhudumia mteja ni ya kazi yote, haigawanywi. Faini ya barabarani usiiguse. Uingereza, Marekani, Kanada na Australia zote haziikubali, hata kama ulikuwa unawahi kazi.

Njia ya pili ni kiwango kwa umbali. Uingereza iliweka peni 45 kwa maili mwaka 2011, kwa maili 10,000 za kwanza za mwaka, na peni 25 kwa zinazozidi hapo. Marekani ilitumia senti 70 kwa maili mwaka 2025. Australia, kwa mwaka wa kodi wa 2024/25, ilitoa senti 88 kwa kilometa, lakini mwisho ni kilometa 5,000 kwa gari. Kiwango hicho kimeshabeba mafuta, bima, matengenezo na uchakavu. Ukikidai halafu ukadai petroli pembeni, umedai mara mbili.

Na uchaguzi huu unaweza kukufunga. Uingereza, ukianza na kiwango kwa gari fulani, utabaki nacho kwa gari hilo. Marekani, mwenye gari lake mwenyewe anayetaka kiwango lazima akichague mwaka ule ule gari linapoanza kazi. Baadaye anaweza kuhamia gharama halisi. Kwa hiyo piga hesabu zote mbili kabla ya kujaza fomu ya kwanza. Mara nyingi gari la bei kubwa linalotembea kidogo hunufaika na gharama halisi, na gari la bei nafuu linalotembea sana hunufaika na kiwango.

Sasa tufike penye ugomvi mkubwa: je, safari ya kutoka nyumbani ni ya kazi? Uingereza, mwaka 1952, wakili aitwaye Newsom alikuwa na ofisi London na nyumba mbali na jiji, huko Whipsnade. Usiku na mwisho wa wiki alisoma majalada yake nyumbani, kazi halisi kabisa. Mahakama ya Rufaa ilimkatalia nauli zake. Alisafiri, ilisema, kwa sababu ya mahali alipochagua kuishi. Mwaka 1971 ikaja kesi ya Horton, mwashi wa matofali aliyejiajiri. Yeye hakuwa na ofisi. Alihama kutoka jengo moja hadi lingine, na vifaa na vitabu vyake vya hesabu vilikaa nyumbani. Mahakama ile ile ilikubali safari zake, kwa kuwa nyumbani ndiko kilikokuwa kituo chake cha kazi.

Tazameni vizuri tofauti hiyo. Wote wawili walifanya kazi nyumbani. Wakili alikuwa na kituo kingine cha kudumu. Mwashi hakuwa nacho. Meza sebuleni na kompyuta juu yake haibadilishi safari ya kwenda dukani kwako kila siku kuwa safari ya biashara. Sheria za nchi hazifanani, ila swali la kituo chako kiko wapi utakutana nalo karibu kila mahali, na ni heri ulijibu wewe kabla hujaulizwa.

Ushahidi nao una historia yake. Mwaka 1930 msanii wa jukwaani wa New York, George M. Cohan, alikuwa amedai gharama kubwa za safari na burudani bila rekodi. Mahakama ilisema akadiriwe kitu, kuliko kumpa sifuri. Mwaka 1962 Bunge la Marekani likaufunga mlango huo kwa safari na burudani. Mwaka 1984 magari yakaingizwa chini ya masharti hayo, tena kwa rekodi zilizoandikwa wakati ule ule wa safari. Watu walilalamika mno, na mwaka 1985 sharti la wakati ule ule likafutwa. Sharti la ushahidi lilibaki. Kwa maoni yangu ushindi ule ulikuwa mdogo kuliko ulivyoshangiliwa, kwa sababu maandishi ya siku ile ile ndiyo yanayoaminiwa hadi leo.

Kwa hiyo wekeni daftari la safari, au programu ya simu ikiwa mtaifungua kweli. Andika tarehe, ulikotoka, ulikofika, kilometa na kusudi. Kwenye kusudi usiandike “mteja” peke yake. Andika “kupima madirisha”, na namba ya ankara iliyofuata. Soma mita ya kilometa siku ya kwanza na siku ya mwisho ya mwaka wa kodi, uipige picha. Australia inaruhusu daftari la wiki 12 mfululizo, zenye kuwakilisha kazi yako ya kawaida, litumike hadi miaka 5 iwapo hali haijabadilika. Kama nchi yako haina ruhusa ya namna hiyo, andika mwaka mzima.

Na ambaye mwaka umemwishia bila daftari? Usikae usiku mmoja ukabuni safari. Chukua kalenda, ankara, jumbe za wateja na stakabadhi za matengenezo zenye usomaji wa mita, ujenge orodha ya safari unazoweza kuzithibitisha, na juu yake uandike wazi kwamba imeandaliwa baadaye. Zile usizoweza kuzithibitisha ziache. Daftari la mwaka huu lianze na usomaji wa mita wa leo.

Haya, tuanze maswali. Mama wa nyuma kule, karibu.