Niliacha kubeba boksi, sasa naosha wazee (baba mdogo hajafurahi)

Mbukwenyi watu wangu wa Dodoma! Leo sipo Leeds, Uingereza, nipo home likizo, Nkuhungu, chini ya mwarobaini wa mama, na mkisikia vuuu kwenye maiki sio maiki mbovu, huo ni upepo wa Agosti na vumbi lake mnalijua wenyewe.

Sasa jana baba mdogo kaja kunisalimia, bakuli la zabibu za Makutupora hapo katikati, tunakula tunatema mbegu, mara akaniuliza mbele ya watu wote, "Hivi ni kweli umeacha kazi ghalani unaenda kuosha vikongwe vya kizungu?" Weee. Mama akajifanya anaenda kuangalia maharage.

Ngoja niwaambie. Miaka sita nimebeba boksi, na nikisema boksi namaanisha boksi lenyewe, shifti ya usiku, skana mkononi, kile kidude kinakuhesabia sekunde, ukienda chooni kinajua. Hela ilikuwepo, sidanganyi, bati la nyumba hii ni la zile boksi. Ila asubuhi nikirudi nakaa kitandani na viatu, sijui hata usiku kucha nimebeba nini.

Saa hizi nina mzee mmoja, jina simtaji, zamani alikuwa dereva wa treni, ana ugonjwa wa kusahau, kila asubuhi ananiuliza mimi nani. Mwanzoni kuoga hataki, ananirushia taulo, mpaka nikaja kugundua haogopi maji, anaogopa yakimshtukia kichwani hajaona yanakotoka. Nikampa bomba la kuogea ashike mwenyewe, ajimwagie miguuni kwanza, taratibu. Siku hiyo kaoga huku anapiga mluzi. Mimi sijawahi kupigiwa mluzi na boksi.

Hela imepungua lakini, tuelewane. Napata kima cha chini, mwaka 2025 kilikuwa paundi 12.21 kwa saa, na kampuni niliyoanzia ilikuwa hailipi muda wa kutoka nyumba hii kwenda ile, unatembea kwenye mvua bure, nikahama. Mgongo unauma vilevile. Na wewe unayewaza viza ya hii kazi, toka 22 Julai 2025 Uingereza wamefunga kuajiri wahudumu wapya wa wazee kutoka nje, mtu akikwambia leta milioni nikushughulikie, hiyo hela kanunue mbuzi.

Baba mdogo sikumjibu hayo yote. Nilimkumbusha bibi, mama yake, kule Mvumi. Bibi alivyoanza kutoka usiku anatafuta ng'ombe waliokufa siku nyingi tukasema karogwa, tukawa tunamfungia kwa kufuli, na mshika ufunguo nilikuwa mimi, nina miaka 12. Anagonga mlango, ananiita kwa jina la kaka yake. Ningejua ninachokijua leo ningefungua tu tukawatafute hao ng'ombe, tuzunguke zizi mara mbili, achoke, arudi kulala.

Baba mdogo akanyamaza, akachuma zabibu mbili tatu hakuzila. "Kwa hiyo mama ndo alikuwa na hiyo?" Nikamwambia mimi sio daktari baba, ila vilifanana sana.

Basi akaniomba nimsimulie tena ile ya bomba, maana baba mkwe wake huko Kizota siku hizi naye kuoga ni vita. Bomba hawana ila ndoo na kopo vipo, tunaenda kesho asubuhi, kamera naiacha hapa.