Ukija Misa kwa Mara ya Kwanza

Tumsifu Yesu Kristo!

Nimewasikia mlioitikia "Milele, amina," na nimewaona mliobaki mnatazamana. Leo nazungumza na hao waliotazamana. Wengi wenu mmelelewa katika makanisa ya Kipentekoste, wengine hamjashika dini yoyote, na kuna wawili watatu hapa wanaotaka kuoa binti wa Kikatoliki na mama mkwe keshasema neno lake. Karibuni wote.

Kubwa ninalotaka kuwaambia ni hili: ukija Misa, usisubiri mahubiri. Najua huko ulikotoka mahubiri ndiyo ibada yenyewe. Mchungaji anahubiri saa nzima au zaidi, na ukirudi nyumbani unaulizwa kahubiri nini. Kwetu padre akihubiri vizuri tunashukuru, akihubiri vibaya tunavumilia, na Misa inabaki kuwa Misa. Nimesikia mahubiri ya kulaza watu usingizi, na Jumapili iliyofuata nikaja tena bila kinyongo. Mgeni anayeipima ibada yetu kwa mahubiri huanza kutazama saa padre akishakaa, kumbe tumefika nusu tu.

Nusu hiyo ya kwanza ni ya Neno. Jumapili yanasomwa masomo matatu, na zaburi inaimbwa katikati. Padre hayachagui. Tangu 1969 Kanisa lina mpangilio wa miaka mitatu, A, B na C: mwaka mmoja tunasoma Mathayo, unaofuata Marko, kisha Luka, na Yohane huja zaidi nyakati za Kwaresima na Pasaka. Kwa hiyo Injili utakayoisikia hapa ndiyo inayosomwa siku hiyo Songea na Bukavu. Faida yake ni kwamba padre hawezi kulikwepa andiko gumu. Ikifika Jumapili ya tajiri na Lazaro, hata kama mfadhili mkubwa wa ujenzi amekaa benchi la mbele, itasomwa hiyo hiyo.

Utashangaa watu wanaitikia bila kitabu. "Bwana awe nanyi." "Awe pia rohoni mwako." Usihangaike kuwafuata. Kaa benchi za katikati, sio mbele kabisa, ili uwe na wa kutazama: wakisimama simama, wakikaa kaa. Kupiga magoti usijilazimishe. Ukikaa kwa heshima inatosha. Utasema "amina" mahali pasipo pake, na hakuna atakayegeuka kukuangalia.

Huwa naulizwa: maneno yale yale kila wiki, moyo uko wapi? Mimi nina Jumapili ninazokuja nikiwa sina neno langu hata moja. Nimetoka kuzika, au nyumbani tumeamka tumenuniana. Nikianza kuomba kwa maneno yangu nitajitetea tu. Halafu kanisa zima linasema, "nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana," kila mtu akijigonga kifua, na mimi nimo. Sikuhitaji kuyatunga. Wengine huyasema kwa mazoea tu, sikatai, na kuna siku nami ni mmoja wao.

Baada ya Nasadiki, yaani kanuni ya imani, na maombi inakuja sadaka, na hapo kwaya ndipo inapamba moto. Kinanda, ngoma, vigelegele; watu wanatoka benchi kwa benchi kwenda kwenye vikapu. Kisha vinapelekwa vipaji: mkate na divai, na siku nyingine mchele, sabuni, hata jogoo aliyefungwa miguu.

Vikishapokelewa, itazameni mikono ya padre. Anamimina divai katika kalisi, kikombe cha ibada, halafu maji, tone tu, huku akisali kwa sauti ya chini ambayo huko ulikokaa huisikii. Sala hiyo inaomba sisi tushiriki umungu wake yeye aliyekubali kushiriki ubinadamu wetu. Ananawa vidole. "Inueni mioyo." "Tumeiinua kwa Bwana." Watu wanapiga magoti, kengele inalia, padre anainua hostia, ule mkate ambao kwetu sasa ni Mwili wa Kristo, na kanisa lililokuwa likipiga vigelegele muda mfupi uliopita sasa unasikia feni zake zikizunguka. Misa yote ilikuwa inaelekea hapo.

Komunyo, yaani kuupokea mkate huo, nitaisema waziwazi, maana wengine huizungukazunguka: kama hujapokelewa katika Kanisa Katoliki, usipange foleni. Sio kwamba unadharauliwa. Tazama pembeni yako, utaona Wakatoliki wazima wamebaki wamekaa. Kuna ambaye hajafunga ndoa ya kanisani, kuna ambaye hajaungama. Hutakuwa peke yako, na si adabu kuwauliza kwa nini.

Msidhani pia kwamba kila mahali mpangilio ni huu huu. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha misale, yaani kitabu cha sala za Misa, ya majimbo ya Zaire, ambayo leo ni Kongo. Humo mababu wenye moyo mnyofu wanatajwa mwanzoni pamoja na watakatifu, toba inakuja baada ya mahubiri na kufuatwa na amani, na padre na watumishi wanacheza kuizunguka altare. Papa Fransisko aliadhimisha Misa ya namna hiyo katika Basilika la Mtakatifu Petro tarehe 1 Desemba 2019. Waliolelewa nayo wakija kusali na sisi hutuona tumepoa, na mimi nawaelewa.

Mwishoni kuna matangazo, na ni marefu: ndoa zinazotangazwa, michango, vikao vya jumuiya. Vumilia, usitoke kabla ya baraka. Nje mara nyingine kuna mnada wa vile vipaji vya kuharibika upesi, na huyo jogoo huwa hapungui bei.

Ukiona unataka kuendelea, mtafute katekista, mwalimu wa dini wa parokia. Hatakubatiza wiki ijayo. Mafundisho ya wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, huchukua miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, na desturi ni watu wazima kubatizwa katika Mkesha wa Pasaka. Katikati ya safari unaruhusiwa kusema hapana. Haya, maswali, nianze na mama pale nyuma.